Wageni, Tunaomba Msimame

Jumapili ya tarehe 7 Machi 2004, fundi mmoja wa mapazia alisimama kwenye benchi la mwisho la kanisa lililo nyuma ya kituo cha zimamoto, akasema amehamia mjini wiki hiyo na mumewe, anashona mapazia, na hajui mtu. Akaketi. Waumini wakampigia makofi mazito ya pamoja, kama wanavyowapigia wageni wote pale. Kabla hajalifikia lango, wanawake wawili walikuwa wameshamshika mkono, mmoja kila upande, wakimuuliza lini atakuja kupima madirisha.

Duka lake liko mkabala na duka la rangi. Ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili, meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani kama watu wanaongoja zamu. Yeye ni mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, na sauti yake inasikika duka la rangi hata mlango ukiwa umefungwa. Kanisani wanamwita Kipaza, kwa kuwa kipaza sauti hakimhusu. Akipanda mbele hukisogeza pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa kikombe cha mwenzake mezani, ndipo anaanza.

Kazi ya kusoma matangazo hakuiomba. Aliyekuwa akisoma alihama, mchungaji akauliza nani ana sauti, na mabenchi yote yakamgeukia yeye. Miaka mingi imepita tangu hapo. Hajawahi kuwa mzee wa kanisa, kwaya ilimshukuru kwa upole baada ya mazoezi mawili, na kamati ya ujenzi hakuipenda. Matangazo tu ndiyo yake.

Na kusema kweli, hakuwa akiyasoma, alikuwa akiyagawa.

"Jumamosi kuna usafi," angesema. "Benchi la tatu, upande wa dirisha, mifagio ni yenu. Msitazamane, nawasema ninyi. Fundi bomba, naona umeinamisha kichwa. Unasali au unajificha?"

Kanisa lingecheka, fundi bomba angenyoosha mkono kukubali yaishe, na Jumamosi angefika na mfagio.

Kila baada ya tangazo alikuwa akingoja. Akisema "Bwana asifiwe" alingoja jibu, na jibu likiwa legelege alirudia. Akitaja mgonjwa, alingoja vichwa vigeuke kutafuta familia yake ilipoketi. Mwisho kabisa alisema, "Wageni, tunaomba msimame tuwaone," na hapo alingoja kuliko popote. Zimewahi kuwapo Jumapili ambazo nyama iliungua majumbani kwa sababu mgeni mmoja mwenye haya alikuwa bado anajishauri.

Mapema mwaka huu baraza la wazee liliamua mambo mawili kwa pamoja: ibada zirushwe mubashara mtandaoni, na ili zisizidi muda, matangazo yatoke kanisani yahamie kwenye kundi la simu. Majaribio yangekuwa ya miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo baraza lingeamua kama kanisa bado linahitaji msomaji wa matangazo. Karatasi ya uamuzi haikutaja mtu, lakini hapakuwa na haja.

Aliyekabidhiwa majaribio hayo ni katibu wa mawasiliano, msichana mchapakazi anayesanifu vifungashio na mabango katika kiwanda kimoja cha uchapaji. Ni binti wa kaka yake Kipaza. Alisoma sekondari akiishi kwa shangazi yake, akilala kwenye godoro lililotandikwa kati ya majora. Hakutaka shangazi asikie habari kutoka kwa mtu mwingine, kwa hiyo alikuja dukani mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyevunja sahani. Sema."

Akasema. Kipaza alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, mpaka upindo wa pazia ukaisha.

"Kwa hiyo nimestaafishwa na mtoto niliyemkogesha."

"Hukunikogesha, shangazi. Nilikuja kwako nikiwa mkubwa, nina begi langu."

"Basi niliyemfulia mashuka."

"Nilifua mwenyewe. Na ya kwako pia."

"Ndiyo maana hayakutakata."

Msichana alicheka, lakini hakurudi nyuma. Alimkumbusha habari ya dada muuguzi wa kwaya, ambaye zamu zake za hospitali huangukia Jumapili. Mwenzake wa sauti ya pili alifiwa na mama. Tangazo lilitolewa kanisani kwa sauti inayofika zimamoto, lakini muuguzi alikuja kujua baada ya mazishi kupita, akiwa kwenye foleni ya mkate.

"Na wako wengi," alisema. "Walinzi, madereva, walio ng'ambo, mama yule aliyevunjika nyonga. Wewe unawaambia waliokuja. Hawa wengine nani awaambie?"

Kipaza alikata uzi kwa meno. "Hilo kweli," alisema. Kisha akaongeza, "Ila sijasema nimekubali."

Mabango ya katibu yalianza kutoka kila Ijumaa, na yalikuwa mazuri. Kila tangazo lilikaa kwenye picha yake, siku na saa vikionekana hata kwa mwenye simu iliyopasuka kioo. Watu waliyapokea kwa madole gumba, mioyo na mikono iliyokutanishwa. Bango la usafi wa mwezi wa pili lilipata madole gumba mengi mpaka katibu akalipiga picha akamtumia mchungaji.

Jumamosi ilipofika, waliotokea ni fundi bomba, mke wake, na mzee mmoja aliyefuata koti alilolisahau Jumapili.

"Bango uliliona?" katibu alimuuliza kijana mmoja wa benchi la tatu.

"Nililiona, dada. Zuri sana. Nikadhani wanaambiwa wengine."

Kipaza aliposikia, alifurahi kwa siku nzima. Kesho yake alipita uani mwa kanisa, akakuta majani yamefika magotini na mtaro umeziba, furaha ikamtoka. Alichukua ufagio na kuanza kuzibua. Binti wa kaka yake alimkuta hapo hapo, akashika jembe bila kuambiwa.

"Shangazi, bango linawajulisha, lakini haliwainui. Nataka utume sauti."

"Sauti yangu mmeitoa kanisani, sasa mnaitaka simuni?"

"Nyamaza, shangazi, nakuomba kitu."

"Hujui kuomba. Lakini sema."

Mpango ulikuwa mwepesi. Kipaza arekodi matangazo kwenye simu na kuyatuma kwa katibu peke yake. Katibu ayachuje, ayafupishe, ndipo ayaweke kwenye kundi la kanisa. Walijaribu kwanza dukani, mlango umefungwa na cherehani zimenyamaza. Kipaza alishika simu mbali na uso, kama anayeshika samaki, akasema, "Bwana asifiwe." Akanyamaza.

"Unangoja nini, shangazi?"

"Waitikie."

"Hawapo."

"Hapa hawapo. Wapo huko."

"Huko hawakusikii sasa hivi. Watakusikia baadaye."

"Basi wataitikia baadaye. Watakuta nimewangojea."

Katibu alijibonyeza paji la uso. Ukimya mrefu kwenye simu, alieleza, humfanya mtu adhani bando limekwisha. Atafunga aende kwingine. Angekata yote ya kungoja. Kipaza alinung'unika lakini hilo akaliachia. Ugomvi ulikuwa kwenye tangazo la mwisho.

"La wageni tunaliondoa kabisa," katibu alisema. "Mtu atasimama wapi, shangazi? Jikoni kwake?"

"Kwani jikoni hakusimamwi?"

"Na nani atamwona?"

Kipaza alichomoa bobini ya uzi kwenye cherehani. Aliizungusha kidoleni. "Mimi niliingia hapa kwa mlango huo," alisema mwishowe. "Kama wasingeniambia nisimame, ningekuwa bado nimekaa."

"Rekodi unavyotaka," msichana alimjibu taratibu. "Kukata ni kazi yangu."

Jumamosi iliyofuata, mchana, Kipaza alirekodi sebuleni kwake. Kwenye kochi alikuwapo mumewe, aliyekuwa mwendesha kreni kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache asiyeacha "Bwana asifiwe" ipite bila "Amina". Rekodi ilitoka ya dakika tisa. Ndani yake mna matangazo manne, Amina zote za mume, kikohozi chake kimoja, mabenchi mawili yaliyopewa kazi ya mtaro, na mahali fulani katikati, kwa sauti ileile ya matangazo, maneno haya: "Baba, injika maji ya chai." Mwisho kabisa wageni wanaombwa wasimame. Unafuata ukimya ambao ndani yake mtu angeweza kutunga uzi kwenye sindano. Kisha: "Karibuni sana. Aliye karibu na mgeni ampe mkono."

Kipaza aliitafuta picha ya binti wa kaka yake kwenye simu, akabonyeza iliyo juu yake. Iliyo juu yake ilikuwa ya kundi la kanisa.

Simu yake iliita haraka.

"Shangazi! Futa! Umetuma kwa kanisa zima!"

"Usipige kelele, nafuta."

Na alifuta. Simu ilimuuliza kama ujumbe ufutwe kwa watu wote au kwake peke yake. Kipaza ni mtu wa adabu. Hakuona sababu ya kuingilia simu za watu wengine kwa kosa lililokuwa lake, akachagua kwake peke yake. Ujumbe ukatoweka mbele ya macho yake. Alimwambia mumewe kwamba shauri limekwisha, wakanywa chai, akaendelea na pazia la ofisi ya daktari wa meno.

Kwenye simu za wenzake ujumbe ulikuwa unaendelea kuongea.

Uliongea pia kwa kinyozi, muumini wa benchi la tano, ambaye ana spika kubwa kuliko duka lake. Walikuwapo wateja watatu: wawili wa kanisani wakingoja zamu, na mmoja kwenye kiti, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Huyu alikuwa fundi wa lifti aliyeletwa na kampuni yake kutengeneza lifti za hospitali, na alikuwa hajamaliza wiki mjini. Kinyozi aliona jina la Kipaza kwenye simu akaunganisha spika, kwa sababu, kama anavyoeleza mwenyewe, alikuwa amekaa majuma mengi bila kukaripiwa na mtu mzima.

Walisikiliza. Waliitikia Amina pamoja na mume. Kwenye maji ya chai walicheka. Ikafika, "Wageni, tunaomba msimame tuwaone," spika ikanyamaza, na ndani ya ukimya ule fundi wa lifti akainuka kitini, kitambaa cheupe shingoni, nywele zikiwa upande mmoja tu.

"Mimi ni fundi wa lifti," alikiambia kioo. "Nimekuja kikazi. Nimefika Jumanne."

Mikono ya kinyozi na wale wawili ilipiga makofi kabla vichwa vyao havijapata habari. "Aliye karibu na mgeni ampe mkono," spika ikasema, na kinyozi akahamishia mashine mkono wa kushoto, akampa wa kulia. Hapo ndipo wote walipotazamana.

Mashahidi watatu wanasimulia kisa hiki kwa namna moja. Anayepinga ni fundi wa lifti peke yake. Yeye anashikilia kwamba miguu ilikuwa imekufa ganzi na alitaka kuinyoosha. Akiulizwa kwa nini basi alijitambulisha, anasema mama yake alimlea vizuri.

Jumapili Kipaza alishajua yote. Binti wa kaka yake alikuwa amempigia na kumweleza, polepole, tofauti kati ya "kwangu" na "kwa wote". Kipaza alichelewa makusudi, akapenya na kuketi benchi la mwisho kama aliyefika jana. Haikusaidia.

"Mama, maji yalichemka?" fundi bomba aliuliza akiwa benchi la mbele yake, bila kugeuka.

"Geukia madhabahu, wewe."

"Nauliza tu. Kuna majirani wameshika vikombe mpaka sasa."

Kando ya Kipaza alikuwa ameketi mwanamume mwenye nywele zilizokatwa juzi, sasa pande zote mbili sawa. Aliisikia sauti ya Kipaza, akamgeukia.

"Ni wewe mama wa matangazo?"

"Kama unataka chai, imekwisha."

"Hapana, mama. Mimi nilisimama."

"Ulisimama wapi?"

"Kinyozini."

Kipaza alivaa miwani amwone vizuri. Kisha akampa mkono na kuuliza amepanga wapi, na kama madirisha yana mapazia.

Baraza la wazee lilikaa Jumatano ya wiki ya pili yake katika chumba cha vijana, kwenye viti vya plastiki, feni ikigeuza karatasi. Kipaza aliitwa, akaketi karibu na mlango, mkoba mapajani. Mchungaji, mtu mkavu ambaye hutabasamu kwa nyusi, alimtaka katibu wa mawasiliano atoe taarifa ya majaribio na aseme bila kumwonea mtu aibu kama kazi ya msomaji wa matangazo iendelee au ifutwe.

Katibu alikuwa na rekodi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya sebuleni aliyoikata kitaalamu: dakika mbili, hakuna kikohozi, hakuna kungoja. Aliicheza. "Bwana asifiwe Jumamosi kuna usafi," sauti ya Kipaza ilisema kwa mkupuo mmoja. Wazee, waliokuwa wamefungua vinywa kusema Amina, walivifunga. Likaja tangazo la mgonjwa, na kabla mzee mmoja hajauliza yuko wodi gani, walikuwa tayari kwenye ratiba ya ubatizo.

"Huyu anakimbilia wapi?" mhazini aliuliza.

"Hakimbii, mzee. Nimemkimbiza mimi."

Akacheza ya pili, nzima. Waliitikia kila mahali, pamoja na mchungaji. Kwenye maji ya chai mhazini alilazimika kutoa leso. Ulipofika ukimya wa wageni, hakuna aliyesimama, kwani hapakuwa na mgeni. Lakini wazee wote waligeuka kutazama mlango, na mlangoni walimkuta Kipaza ameinamia mkoba wake.

"Taarifa yangu ni hii," katibu alisema. "Mabango yabaki. Muuguzi anayahitaji, walio mbali wanayahitaji, na saa ya mkutano haikumbukwi kwa sikio. Lakini bango halimwamshi mtu. Usafi wa Jumamosi iliyopita walikuja watu mpaka majembe yakawa hayatoshi, na walikuja kwa sababu walisikia wakiitwa. Naomba msomaji abaki. Ila mwendo wa dakika tisa hapana. Nne. Na kungoja kwake kusikatwe tena."

"Mama, unasemaje?" mchungaji alimuuliza Kipaza.

"Dakika nne naweza. Chai nitaiagiza kabla."

"Na kanisani?"

Hilo ndilo lililochukua muda. Wapo waliotaka matangazo yote yarudi mbele ya waumini, na wapo waliokumbusha kwamba walio mtandaoni hawatangoja fundi bomba amalize kujitetea. Wakakubaliana hivi: Kipaza anaendelea kuwa msomaji wa matangazo, matangazo yote yanakwenda simuni, bango Ijumaa na sauti Jumamosi, na katika ibada anabaki na sentensi moja, ile ya wageni, mwisho kabla ya baraka, kamera ikiwa imewashwa.

Walipokuwa wakitoka, Kipaza alimshika binti wa kaka yake kiwiko.

"Sentensi moja. Na nikiteleza nikaongeza ya pili?"

"Nitazima kamera, shangazi."

"Utaizima kwa wote au kwako peke yako?"

Msichana alicheka mpaka akaegemea ukuta wa zimamoto.

Ameshaanza kujifunza mambo mapya, si bila malalamiko. Simuni hakuna mabenchi, kwa hiyo sasa anawaita watu kwa mahali anapodhani wapo: wewe uliye jikoni, wewe uliye zamu, wewe unayejifanya umelala. Dada muuguzi ameandika kwamba aliitikia Amina wodini na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akaitikia pia. Fundi wa lifti ameshonewa mapazia ya rangi ya kijivu, ambayo Kipaza alimwambia waziwazi hayampendezi.

Jumamosi hii, baada ya chakula cha mchana, atarekodi matangazo dukani, mumewe akiwa ameketi kwenye jora la kitambaa, tayari kuitikia, na binti wa kaka yake akiwa ndiye mshika simu. Jumapili, mwisho wa ibada, atapanda mbele, atakisogeza kipaza sauti pembeni, ataomba wageni wasimame, na atangoja.